Bendi Isiyo na Santuri

Tulimzika Hamisi Nandonde Ijumaa baada ya sala, na hata matanga hayajaanuliwa kijana mmoja kutoka Dar es Salaam akanipigia simu kunieleza kwamba bendi yetu haina sifa. Alianza vizuri. Alinipa shikamoo, akaniuliza hali, akasema amesikia tuna msiba na anatoa pole kwa niaba ya kamati nzima. Kisha akasema, kwa ile sauti ya mtu wa ofisini anayesoma maneno yaliyoandikwa na mwingine, kwamba kamati ya Jumba la Heshima la Muziki imeyapitia maombi yetu kwa makini, na kwamba Rasbura Umeme Jazz haiwezi kuingizwa humo kwa sababu haina santuri hata moja. Mimi nilikuwa uani kwa marehemu, nimekalia mbuzi nakuna nazi, simu nimeibana kwa bega. Nikamwuliza kama yeye muziki anausikiliza kwa masikio au kwa sahani. Akasema anaelewa uchungu wangu. Mtu akikuambia anaelewa uchungu wako, jua ameshafunga mlango na sasa anatafuta kufuli.

Kijana huyo anaitwa Derick, na kusema kweli si mtu mbaya. Tangu mvua za mwaka jana tumekuwa tukizungumza, mimi nikimweleza, yeye akiuliza. Ila kila nilichomweleza alikigeuza kuwa swali lile lile: kuna sauti iliyorekodiwa wakati ule? Nikamtajia nyimbo, akataka sauti. Nikamtajia watu waliotucheza, akataka sauti. Nikamweleza kwamba wimbo wa “Mwali Katoka”, ambao bendi moja kubwa ya Dar imeupiga miaka nenda rudi na ambao umewaingiza wao katika hilo Jumba kwa makofi, ulitungwa na Nandonde katika stoo ya korosho hapa Rasbura, mbele ya macho yangu, na mpiga gitaa wao aliusikia alipopita Lindi kumtembelea dada yake. Derick akasema kwa upole kwamba kamati haina namna ya kuthibitisha hilo. Wenye santuri ni wao. Basi mwenye mtoto ni yule aliyempiga picha.

Nilipomaliza kukuna nazi nikatoka barazani kumweleza Pius. Pius ndiye aliyekuwa mpiga besi na kiongozi wetu, na sasa ndiye mwenzangu pekee aliyebaki hai. Alikuwa ameteremka kutoka Newala kwa ajili ya mazishi, ameketi mkekani pembeni, rozari mfukoni, akiitikia dua za Waislamu kwa adabu kama alivyofanya siku zote. Nilitegemea akasirike. Akanitazama tu na yale macho yake yaliyoingia mtoto wa jicho, akasema, “Somoe, dada yangu, tuiache. Sisi tulikuwa bendi ya wilaya.” Hapo ndipo nilipokasirika kweli, tena zaidi ya nilivyomkasirikia Derick. Derick hakuwepo. Pius alikuwepo. Alisimama kushoto kwangu mwaka mzima na besi yake begani, akasikia kila nilichosikia, halafu leo anaketi mkekani kwa Nandonde na kusema bendi ya wilaya, kana kwamba tulikuwa tunapiga mwenge unapopita na kushuka jukwaani.

Nimejiuliza swali hilo kwa haki, maana uzee unanipa muda wa kujiuliza: je, tulikuwa wazuri kweli, au ni ujana wangu tu ninaoutetea? Nimesikiliza zile bendi zilizoingizwa. Nyingine nazipenda. Zilikuwa na matarumbeta, na suti, na waimbaji wenye sauti laini kuliko yangu. Sisi hatukuwa na tarumbeta. Jenereta letu lilipumua vibaya, na likishuka pumzi, gitaa nalo lilishuka. Mimi niliingia kwa kuchelewa katika kila wimbo, na Nandonde alinisema mbele za watu. Hayo yote nayakubali. Lakini hakuna hata moja kati ya zile bendi iliyokuwa na sauti ya kwake kiasi kwamba ukiisikia ng’ambo ya barabara unajua ni akina nani. Sisi tulikuwa nayo, na nitaeleza tuliipataje, kwa sababu Derick hakuniuliza.

Mwaka ule ulikuwa katika miaka ya sabini, na mimi nilikuwa msichana ambaye ndiyo kwanza ameanza kufunga kanga mbili bila kuambiwa. Mazoezi yalikuwa katika stoo ya korosho iliyosubiri msimu, nyuma ya nyumba ya tajiri mmoja aliyenunua vyombo kwa sababu alitaka kusikia jina lake likitajwa kwenye dansi. Chumba kilikuwa kirefu, hakina dirisha ila matundu ya juu, na magunia matupu yaliyopangwa ukutani yalikuwa na ule mnuko wa mafuta ya maganda ya korosho unaong’ang’ania nguo hata ukifua. Tuliyakalia magunia hayo, tuliyalalia mchana wa joto, na Ausi, mpiga dramu wetu, aliyakunja na kuyaweka ndani ya dramu kubwa ili isipige kelele za debe. Ausi alikuwa mtu wa Milola. Dramu zile alizipiga kama ngoma za kwao, mkono wa kushoto ukiwa na mambo yake na wa kulia ukiwa na mambo yake, na Pius, ambaye ni Mmakonde na ana ngoma zake kichwani, alimfuata kwa besi kwa namna ambayo hakuna aliyewafundisha. Mpiga besi wa Dar angepotea pale kabla ya ubeti wa pili.

Sauti yenyewe ilitoka kwa panya. Usiku mmoja panya waliingia kwenye spika ya gitaa la solo wakaitafuna karatasi yake, na asubuhi Nandonde alipochomeka gitaa, ikatoka sauti ya kukwaruza, nzito, iliyochanika, kama mtu anayelia huku amekaza meno. Pius alikwisha kwenda kutafuta gundi na kipande cha kitambaa. Aliporudi alimkuta Nandonde amekaa chini mbele ya spika, anapiga noti moja tu, anaisikiliza mpaka inakufa, anaipiga tena. Wakati ule Pius alikuwa na redio ya mawimbi mafupi, na katika redio ile tulikuwa tumesikia muziki wa rock wa Wazungu, yale magitaa yanayonguruma, ila hatukujua wanayafanyaje yangurume. Nandonde alisema, “Acha gundi yako. Panya wametusaidia.” Tangu siku ile ikawa marufuku kuigusa spika ile. Solo ya kukwaruza juu ya dramu za jando, na msichana wa Kimwera anapasua koo juu yake: niambie ni nani mwingine alikuwa na kitu hicho, katika nchi hii, mwaka ule. Nimemwuliza Derick hivyo hivyo. Akasema ni maelezo mazuri sana.

Nandonde alikuwa mwembamba, mwenye vidole virefu na maneno machache. Alifundisha kwa neno moja. Ukikosea, aliinua mkono, dramu zikanyamaza, akasema, “Tena.” Hakukueleza umekosea wapi. Mimi nilijua nimekosea wapi, na yeye alijua najua: baada ya solo kulikuwa na nafasi, pumzi moja hivi, ambapo nilitakiwa niingie kabla gitaa halijanyamaza kabisa, na mimi nilisubiri linyamaze. Nilisubiri kwa sababu nilipenda kulisikia likiisha. “Tena.” Kuna siku alilisema neno hilo mara nyingi mpaka nikaivua kanga ya begani nikaitupa chini, nikamwambia atafute mwimbaji asiye na masikio. Ausi alicheka akaanguka kwenye magunia. Nandonde alisubiri niiokote kanga, kisha akasema, “Tena.”

Wanawake wa mtaa walikuwa wakija kukaa nje ya mlango wa stoo na sinia za mchele wa kuchambua, wakijifanya wamefuata kivuli. Nilisikia kila walichosema na walitaka nisikie. Mmoja alisema mimi nitakuja kuzaa gitaa. Mwingine akamjibu kwamba afadhali gitaa, maana gitaa halinyonyi. Halafu wimbo ukianza, kokoto za mchele ziliacha kulia kwenye sinia. Hilo nalo nilisikia. Ndiyo tuzo yangu ya kwanza na nilidhani zitafuata nyingine.

Sasa nifike kwenye kuku, kwa sababu yote yaliharibika kwa ajili ya kuku. Msimu wa jando ulikuwa umefika, na mpwa wa Ausi alikuwa jandoni huko Milola pamoja na watoto wengine wa kijiji. Wazee wa Milola wakatuma watu kuomba bendi ikawatoe wali wao, wale watoto wanaotoka jandoni. Hawakuja na fedha. Walikuja kama watu wanavyokwenda kumwomba fundi wa ngoma: jogoo mzima, unga wa muhogo, na kikapu cha ming’oko, mizizi ya porini, iliyochimbwa asubuhi ile. Kwetu, mwaliko wa namna hiyo unaweza kuukataa, hakuna atakayekununia. Unawaambia una udhuru, wanabeba jogoo wao wanakwenda kwa mwingine. Lakini ukishamchinja umeshajibu. Sisi tulikuwa na njaa, Ausi alikuwa na haraka ya kuwafurahisha watu wa kwao, na jogoo alichinjwa kabla wajumbe hawajamaliza maji waliyopewa. Nilimpika mimi mwenyewe, kwa tui zito, nje ya mlango wa stoo. Tulimla na ugali wa muhogo, na ming’oko tuliila baadaye kwa chumvi, tumelala chali kwenye magunia.

Mifupa ilikuwa bado kwenye sinia pale afisa utamaduni alipofika na baiskeli yake, jasho linamtoka, kutwambia kwamba studio ya redio huko Dar inaita bendi za mikoani kurekodi, na kwamba sisi tumechaguliwa. Alituimbia tarehe kama mtu anayetangaza harusi. Ausi ndiye aliyepiga hesabu kwanza. Nilimwona uso wake unavyobadilika. Ilikuwa wiki ile ile ya kuwatoa wali.

Maneno yaliyofuata katika stoo ile nimeyasikia kichwani mwangu maisha yangu yote. Pius alisema twende Dar, na Milola tutawafidia msimu ujao kwa dansi la bure. Ausi alisema wali hawangojei msimu ujao. Walikwisha pona, chakula cha kijiji kilikwisha kuliwa, siku ilikwisha pangwa na kibanda chao kitachomwa moto alfajiri ya siku hiyo, na mtoto akishatoka kwenye kibanda kinachowaka haruhusiwi kugeuka kutazama nyuma, sembuse kurudi kungoja bendi. Mimi nilisema kuku tutamlipa kwa kuku. Nilisema tutawapelekea majogoo hata wawili, wenye vilemba. Niliitaka Dar, sifichi. Niliitaka sauti yangu kwenye santuri, nizeeke niisikie, niwasikilizishe wale wanawake wa mchele. Wote tukamgeukia Nandonde. Alikuwa anakwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria. Akasema, “Hao watoto wameshaambiwa watatolewa na umeme. Tusipokwenda, watatolewa na nini?” Akaendelea kukwangua. Mpaka leo sijapata jibu, na hilo ndilo linalonikera. Laiti angekuwa amesema upuuzi ningemsamehe zamani.

Tulikwenda Milola juu ya lori la kununulia korosho, jenereta limefungwa kamba katikati yetu. Tulifika asubuhi, moshi wa kibanda ulikuwa bado unaonekana upande wa msituni, na uwanja ulikuwa umejaa watu wa vijiji vya jirani. Wali waliletwa wamebebwa mabegani, wamenyolewa, wamepakwa mafuta, wakakalishwa kwenye mikeka mbele yetu kabisa, kila mmoja amefunikwa kanga mpya kichwani. Mwali siku ile hainui uso. Anakaa ameinama, anatazama mkeka, mpaka wakubwa wamalize. Kwa hiyo tuliwapigia watoto ambao hawakutuona. Niliona migongo tu, na kanga zinazotetemeka kwenye mabega kila Ausi alipopiga dramu kubwa. Nandonde akaifungulia ile spika ya panya. Nasema bila haya kwamba sijawahi kusikia mtu akipiga gitaa namna ile, si Dar, si redioni, si popote. Mimi nilikuwa na hasira zangu, na hasira ziliniharakisha, na kwa mara ya kwanza mwaka mzima niliingia pale pale nilipotakiwa kuingia. Nandonde aligeuka akanitazama. Hakutabasamu. Alinitazama tu, akarudi kwenye nyuzi zake. Na hakuna aliyerekodi.

Kisha ikaja saa ya majina. Kwetu mtoto akitoka jandoni anaacha jina la utoto na kupewa jingine, na mara nyingi jina hufuata jambo lililotokea msimu huo: njaa, mafuriko, chui aliyeingia kijijini. Mzee mmoja, baba wa mtoto wa kwanza, alisimama, masikio yake bila shaka yakiwa bado yanavuma, akatangaza kwamba mwanawe tangu leo anaitwa Soloo. Watu wakacheka, naye hakucheka. Wa pili akasema wake aitwe Besi. Akafuata Umeme, akafuata Dramu, na mama mmoja akapiga kelele kutoka nyuma kwamba wa kwake aitwe Jenereta, kwa sababu analia usiku kucha. Uwanja mzima ulicheka. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya spika, natazama jua, nahesabu kwamba muda ule wenzetu wako studio. Nilisikia majina yale nikaona ni dhihaka.

Studio haikutuita tena. Tajiri wetu alichoka kusubiri jina lake litajwe redioni, akauza jenereta, kisha gitaa, kisha akairudisha stoo kwenye kazi yake ya korosho. Pius akapanda kwao Newala akaanza kazi ya cherehani. Ausi alirudi Milola kulima, akafa mapema. Nandonde alibaki hapa hapa Rasbura, akatengeneza redio za watu mpaka redio zilipoacha kutengenezwa, na kila “Mwali Katoka” ulipopigwa redioni na wale wa Dar, kwa sauti yao safi isiyo na panya, alipunguza sauti akaendelea kuchomelea. Mimi niliolewa, nikazaa, nikauza vitenge sokoni, na kila baada ya muda nilikwenda kwake kumlaumu. Hata mwaka huu, akiwa kitandani, nilimwambia, “Ungetuacha twende Dar.” Alijibu kwamba wimbo umefika Dar bila sisi, tunataka nini tena. Nikamwambia nataka jina. Akafumba macho. Binti yake Rehema akanitoa nje, akanieleza kwa adabu kwamba baba anahitaji kupumzika. Ndiyo mara ya mwisho niliyozungumza naye, na nilikuwa nagomba.

Siku ya kuanua matanga, baada ya hitima na wali wa msiba, watu wakiwa wanaanza kuaga, gari dogo la abiria lilisimama barabarani na kushusha wanaume wazima, wenye mvi, kanzu zao zina vumbi jekundu la Milola. Walichelewa, walisema, gari lilipata pancha Mchinga walikopitia kumchukua mwenzao. Wakaelekezwa kwa Pius na mimi, wakatoa mkono wa pole. Wa mbele alikuwa mrefu, kipara, na fimbo. “Shikamoo, mama. Mimi naitwa Soloo.” Nikamwitikia marahaba bila kufikiri. Nyuma yake akaja mnene, anatweta. “Mimi Besi.” Kisha Umeme, ambaye ana meno ya mbele tu. Kisha Dramu. Jenereta, walisema, walimzika mwaka juzi, na mpaka anakufa alikuwa halali usiku. Pius alikuwa ameshika mkono wa Besi na hauachii. Macho yake hayaoni vizuri, akawa anaupapasa mkono ule kana kwamba ana mali yake iliyopotea ndani yake.

Niliwauliza kama wanatukumbuka. Soloo akasema hawakutuona, walikatazwa kuinua uso, kwa hiyo wao hawatujui kwa sura hata kidogo. Ila walipokwisha kupewa yale majina, wakubwa zao waliwatania na kuwalazimisha: wewe ni Soloo, haya lia kama solo, wewe ni Besi, haya nguruma. Kila mmoja akashika sehemu ya jina lake. Waliipiga kwa midomo shambani, waliipiga kwenye harusi zao, waliipiga walipowatoa watoto wao jandoni, na wajukuu. Soloo alisema wamekuja kumpigia marehemu, kama familia haitakasirika. Nilimtazama Rehema. Matanga yalikwisha anuliwa. Akasema isiwe uani, tusogee kule kwenye stoo.

Stoo bado ipo, ina mabati mapya, inauza saruji. Tulisimama mbele ya mlango wake. Nilitoa simu nikampigia Derick, kwa hasira tu, nikamwambia yeye aliyetaka uthibitisho asikilize watu hawa wakijitaja. Nikaizungusha simu. Soloo akataja jina lake na la baba yake, Besi akataja, Umeme, Dramu. Niliporudisha simu sikioni Derick alisema, “Bibi, hii imenigusa kweli. Lakini kamati itasema hayo ni majina ya watu.” Nikamwambia ndiyo, ni majina ya watu. Nikakata.

Dramu alianza, mkono wa kushoto na wa kulia kwenye kifua chake na mdomo juu yake, na nikaisikia ile sehemu ya Ausi ambayo nilidhani imezikwa naye. Besi akaingia. Pius aliketi chini pale pale kwenye mchanga, na suruali yake ya msibani, akasema kwa sauti ndogo kwamba kuna noti wameiongeza, kisha akasema hapana, ni yeye aliyeisahau. Na Soloo akafungua kinywa akaikwaruza. Mzee mwenye kipara, anakaza meno, anatoa sauti ya karatasi iliyotafunwa na panya. Hakujua kwamba ile ilikuwa spika mbovu. Yeye alidhani gitaa ndivyo linavyolia, akajifunza hivyo, akalitunza na kasoro yake yote. Nililia. Nilikuwa sijalia siku ya mazishi.

Rehema alikuwa ameinua simu yake anarekodi. Solo ikafika mwisho, na wote wakanyamaza pumzi moja. Nikafikiri wimbo umekwisha. Kisha wakaanza tena, na baada ya solo wakanyamaza tena pale pale, na ndipo nilipoelewa. Hakuna mtoto wa kiume aliyepewa jina la mwimbaji. Miaka yote hiyo, shambani na kwenye harusi, kila walipofika pale walikuwa wakinyamaza kidogo na kuruka, kwa sababu hapo palikuwa na mtu.

Walianza mara ya tatu. Nilijifunga kanga vizuri. Sauti yangu ni ya muuza vitenge, imekwisha kwa kuita wateja, na nilijua Derick ataniambia kwamba hii si ya wakati ule. Solo ikapanda, ikakwaruza, ikaanza kufa, na mimi nikaisikiliza ikifa, nikaingia nimechelewa.

Rehema alishusha simu. “Bi Somoe, nimesharekodi. Nimpelekee huyo wa Dar?”

“Futa,” nikamwambia. Nikainua mkono, wazee wakanyamaza, wakanitazama usoni, mwimbaji wao, kwa mara ya kwanza.

“Tena.”